Msimkalishe Mzee

Mhadhara kwa wananchi wa Fukayosi, Bagamoyo, katika juma la Siku ya Wazee Duniani

Watani zangu Wazaramo na Wakwere, mnatujua sisi Wanyamwezi. Babu zetu walifika Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, wametembea miezi, na hawakuanguka mpaka walipoonja tembo lenu la mnazi. Nimetanguliza utani kwa sababu nitakayoyasema mbele yatawaudhi baadhi yenu, hasa watoto mnaowatunza wazazi vizuri.

Nimeombwa nizungumze juu ya wazee kuanguka. Wengi mkisikia hivyo mnadhani nitawaambia wazee wajihadhari: wakae, wapumzike, waache shamba, waache kuinama. Sitasema hivyo. Kazi yangu ni fiziotherapia, na kazi hiyo imenifundisha kinyume chake. Mzee huangushwa na miguu iliyoishiwa nguvu, na miguu huishiwa nguvu kwa kukalishwa. Anayemkalisha, mara nyingi, ni mtoto anayempenda.

Wapo wanaodhani kuanguka ni balaa la wazee wa Ulaya waliozoea lifti na magari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Wanaokufa zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea. Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee anapofikisha umri huohuo wa miaka 60, na Sensa ya 2012 iliwakuta wazee zaidi ya milioni 2.5 nchini. Wamezidi tangu hapo. Ila mzee wa kijijini akifa mwezi mmoja baada ya kuvunjika nyonga, msibani tunasema alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, au umri tu. Kuanguka hakutajwi.

Mtu aliyesimama wima hatulii. Hata askari wa gwaride anayumba kidogo kidogo, mbele na nyuma, mwenyewe hajui, na ubongo unamrudisha katikati kila mara. Ili ufanye hivyo, ubongo unapokea habari kutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni macho. Ya pili ni sikio la ndani, penye vijifereji vya maji vinavyopima kichwa kimegeukia wapi. Ya tatu ni nyayo, vifundo na magoti, vinavyoueleza ubongo ardhi ikoje: mchanga, jiwe au mteremko. Kijana akipoteza moja, mbili zinamtosha. Mzee zote tatu zimepungua pamoja. Mwenye mtoto wa jicho anategemea nyayo zake. Mwenye kisukari aliyeingiwa ganzi nyayoni anategemea macho. Aliye na yote mawili, taa ikizimika usiku, hana pa kushika.

Halafu kuna nguvu. Kujikwaa ni kwa wote. Mzizi wa mkorosho haubagui umri. Tofauti iko kwenye mguu wa pili. Kijana akijikwaa, mguu wa pili unaruka mbele haraka, unamdaka. Wa mzee unachelewa, au unafika bila nguvu ya kuubeba mwili. Msuli wa paja na wa tako ndio unaoamua hapo, na msuli ni kitu kinachotunzwa kwa kutumiwa tu. Hakuna sindano yake.

Niwaeleze nyumba moja niliyoingia, si mbali na barabara ya Msata. Sitasema ni ya nani. Mwenye nyumba ni bibi wa miaka sabini na kitu, na mwanawe ana biashara Kariakoo. Kijana huyo ana radhi za mama yake, hilo halina ubishi. Amemjengea nyumba ya tofali: sebule ya vigae vyeupe vinavyong'aa hadi unajiona uso, choo cha ndani, runinga, na makochi ya kuzama, yale ukikaa magoti yanapanda juu kuliko nyonga. Amemwajiria binti wa kazi. Na amepiga marufuku jembe.

Kabla ya hapo yule bibi aliishi katika nyumba ya udongo ambayo bado ipo nyuma, sasa ni stoo. Alikuwa akikaa mkekani, akikuna nazi kwenye mbuzi, akichuchumaa mbele ya mafiga, akipalilia mihogo yake kwa kuinama kiunoni, akienda na ndoo na kurudi nayo kichwani. Choo kilikuwa uani, cha shimo. Kila siku aliteremka chini na kuinuka mara ambazo hakuna mtu aliyezihesabu. Hayo yalikuwa ndiyo mazoezi yake, bila kuyaita mazoezi.

Aliniambia, "Baba, nimezeeka ghafla." Nikamwomba ainuke kwenye kochi. Akasukuma kwa mikono, akarudi chini, akasukuma tena, akajigeuza ubavu, hatimaye akasimama huku ameushika mkono wa binti. Tukaenda bafuni. Vigae vilevile vya kung'aa, vimelowa maji ya sabuni, mlango unafungukia ndani, ukutani hakuna pa kushika isipokuwa msumari wa taulo. Alikuwa amekwisha anguka humo, na mwanawe alikuwa hajaambiwa, maana bibi aliogopa kwamba naye kuoga mwenyewe atapigwa marufuku.

Jioni nilizungumza na yule kijana kwa simu. Nilimwomba mambo manne: amfungie mama bomba la chuma ukutani bafuni, imara, la kushika, atandike zulia la mpira lisiloteleza, anunue kiti cha mbao kigumu cha kawaida, chenye mikono, na amrudishie mama yake mbuzi ya kukunia nazi. Matatu ya kwanza aliyakubali papo hapo. Hilo la nne alidhani namtania. "Watu watasema nini? Mama yangu anakuna nazi, na mimi nina duka?"

Hapo ndipo penye ugonjwa. Tumeifanya heshima ya mzazi ipimwe kwa jinsi anavyokaa kitako. Mama akionekana na ndoo, watoto wamekosa adabu. Baba akionekana na jembe, watoto wamemtelekeza. Naielewa aibu hiyo, na najua wapo wazee wanaolimishwa kwa shida, si kwa hiari, hao siwazungumzii. Namzungumzia mzee mwenye afya anayetaka kwenda kwenye mihogo yake na anazuiwa mlangoni.

Kukaa kwenyewe kuna namna. Mwaka 2020 watafiti walitoa matokeo ya vipimo walivyowafanyia Wahadzabe, wenzetu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Walikuta kwamba Wahadzabe nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda unaokaribiana na wa watu wa mijini katika nchi tajiri. Lakini sehemu kubwa ya kupumzika kwao ni kuchuchumaa, kupiga magoti na kukaa chini, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo wakati huo. Kwenye kochi misuli inalala kabisa. Basi mkeka ambao tumeuona ni wa kimaskini una faida ambayo kochi halina: ukitaka kutoka juu yake, lazima uinuke kutoka chini kabisa.

Na mzigo wa kichwani? Mwaka 1986 jarida la sayansi liitwalo Nature lilichapisha vipimo vilivyofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu. Waligundulika kubeba mzigo unaofikia sehemu moja ya tano ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea bila mzigo. Mama wa kilo 60 anabeba kilo 12 hivyo. Namna yao ya kutembea ndiyo siri. Sisemi bibi wa miaka 80 abebeshwe ndoo iliyojaa. Shingo nayo ina umri wake. Nasema aliyetembea hivyo miaka hamsini ana ujuzi wa kusimama ambao profesa hana, na tunamnyang'anya kwa siku moja kwa kisingizio cha kumpumzisha.

Nawageukia wazee wangu Waislamu, maana hapa ndio wengi. Mkitawadha, mwishoni mnaosha miguu. Mzee anayenyanyua mguu mmoja kuuweka chini ya maji ya birika, amesimama kwa mguu mwingine kwenye saruji iliyolowa, anajipima usawa mara tano kwa siku. Jiangalie mwenyewe. Zamani ulinyanyua mguu bila kufikiri. Ukiona sasa unatafuta ukuta, huo ndio mwanzo wa habari. Kwa udhu, kaa kwenye kigoda. Hakuna sifa katika kuteleza. Lakini usawa huo utafute mahali pakavu, karibu na nguzo. Na kuinuka kutoka sijda ndilo zoezi lenyewe tunalowafundisha watu hospitalini. Hukumu ya kuswali kwenye kiti waulizeni mashehe, wapo hapa. Mimi nasema habari za miguu tu: anayehamia kwenye kiti kwa maumivu ya goti moja ajue paja litaanza kupungua, atafute namna nyingine ya kulifanyisha kazi.

Sasa yale yanayomwangusha mzee hata kama miguu ipo. Nitayapitia haraka, isipokuwa mawili.

La kwanza ni macho. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji mfupi, na mtu akarudi nyumbani. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, inafanya kazi hiyo miaka mingi. Huko Nottingham, Uingereza, walichukua wanawake wa zaidi ya miaka 70 wenye mtoto wa jicho. Waliofanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza mapema walianguka pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko waliobaki kwenye foleni. Nawasihi, msimwache mzee apapase ukuta miaka mitatu mkisema macho ya uzee ndivyo yalivyo.

La pili ni kuamka usiku. Saa nane usiku baba mwenye tezi dume anabanwa na mkojo. Anainuka upesi kitandani. Damu inabaki miguuni, kichwani haijafika, na kama anatumia dawa za presha au vidonge vya kutoa maji, inashuka zaidi. Kizunguzungu kinamkuta mlangoni, kwenye kizingiti, gizani, kandambili moja imevaliwa na nyingine inatafutwa kwa kidole. Mambo matano yamekutana kwa dakika moja, kisha tunasema shetani. Tiba yake ni ndogo. Akae ukingoni mwa kitanda, miguu chini, achezeshe vifundo, asome Fatiha au Baba Yetu taratibu mpaka mwisho, ndipo asimame, na akisimama ashike kitu kwanza kabla ya hatua ya kwanza. Taa ndogo ya sola iwe mkononi mwake, si kwenye msumari ng'ambo ya chumba. Kopo chumbani si aibu. Na dawa asiziache kwa kichwa chake. Azibebe zote kwenye mfuko, za presha, za sukari, za usingizi, hata zile za mitishamba, azipeleke zahanati waziangalie kwa pamoja. Mwenye dawa nyingi huanguka zaidi, na mara nyingine aliyeandika moja hajui iliyoandikwa na mwenzake.

Kandambili zilizolika kisigino zitupeni. Ndala isiyoshika mguu nyuma huteleza peke yake. Kanga ifungwe juu ya vifundo, msuli vilevile. Kizingiti kipakwe rangi nyeupe kionekane. Kamba ya mbuzi isivuke njia ya chooni. Na wazee wangu wanaume, mnaopanda minazi na miembe bado: najua mnaweza. Waachieni wajukuu. Anayeanguka kutoka juu ya mti huvunja uti wa mgongo.

Turudi kwenye mazoezi, maana hapa pana ushahidi mkubwa kuliko mahali pengine popote katika jambo hili. Mwaka 2019 zilikusanywa tafiti 108 za watu zaidi ya 23,000 waliovuka miaka 60. Mazoezi yalipunguza kuanguka kwa takriban robo. Yaliyofaa zaidi ni yale yanayoutikisa usawa kidogo na kumfanya mtu ainuke, akae, ageuke, afikie kitu. Kutembea peke yake hakukuthibitika kuzuia kuanguka. Kuna faida zake nyingi, endeleeni, ila aliyekwisha dhoofika anahitaji zaidi ya hapo.

Na msiniambie mtu amechelewa. Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, kilianza mpango wake katika miaka ya 1990 kwa wanawake wa miaka 80 na zaidi, kila mmoja nyumbani kwake, wakiimarisha miguu na kusimama kwa namna mbalimbali. Ukapunguza kuanguka kwa karibu theluthi. Wa miaka 80!

Kwetu mambo hayo hayahitaji jumba la mazoezi. Kaa kwenye kiti kigumu, kunja mikono kifuani, inuka, kaa polepole, usijidondoshe. Rudia mpaka paja liseme kitu, pumzika, rudia. Simama ukishika nguzo ya kibaraza, panda kwa vidole vya miguu, shuka. Nyanyua mguu mmoja huku kidole kimoja tu kimegusa nguzo. Ukizoea, toa kidole, lakini nguzo isiwe mbali. Chora mstari mchangani, utembee juu yake kisigino kikigusa kidole, mjukuu akiwa ubavuni. Tembea kwa upande kama kaa wa mikokoni. Na ngoma, jamani. Wilaya hii ndiyo yenye chuo cha sanaa cha taifa, TaSUBa, vijana wanatoka nchi nzima kuja kujifunza ngoma. Mzee akiwa uwanjani anahamisha uzito mguu hadi mguu, anageuka, anainama, anasimama kwa mdundo. Mimi nikimwona bibi anacheza mdundiko harusini, sihitaji kumpima. Halafu binti yake anakwenda kumtoa kwa mkono, eti mama utaumia!

Bakora ni jambo dogo ila hukosewa kila siku. Urefu wake ni kutoka ardhini hadi kwenye kifundo cha mkono, mkono ukiwa umening'inia. Ndefu inainua bega, fupi inamvuta mtu mbele. Kama mguu wa kulia ndio mbovu, bakora ishikwe mkono wa kushoto. Naona mnatazamana, naam, upande wa pili, vitembee pamoja, bakora na mguu mbovu. Ncha yake ivishwe mpira, hata wa kukatwa kwenye tairi la baiskeli.

Ikitokea ameanguka, msikimbilie kumnyanyua kwa makwapa. Mwacheni avute pumzi. Kama mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umelalia nje, nyonga imevunjika: asisimamishwe, asikandwe, asipelekwe kwa bodaboda. Mlazeni kwenye ubao au mlango uliong'olewa, apelekwe hospitali ya Bagamoyo, na huko wakiona haja wataandika rufaa kwenda taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili. Mafundi wetu wa kuunga mifupa wana kazi yao kwenye mkono wa mtoto. Nyonga ya mzee haingojei miti. Kinachoua si mfupa wenyewe. Ni kulala chali wiki hadi wiki, vidonda vya mgongoni, kisha kichomi. Wazee wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo katika vituo vya serikali, na lipo dirisha lao. Kijana anayempeleka aulizie kabla hajaenda kuuza mbuzi.

Kama hakuumia, ajifunze kuinuka mwenyewe. Ageuke ubavu, ajisukume hadi magotini, atambae mpaka kwenye kiti au kitanda, aweke mikono juu yake, atangulize mguu wenye nguvu, ainuke, ageuke, akae. Hilo lifanyiwe mazoezi siku ya heri, mkekani, kwa kicheko. Aliyeanguka mara moja na akabaki chini saa nzima huingiwa na hofu, hofu humfunga ndani, akitoka tena miguu imekwisha.

Kabla ya maswali tutajipima. Kiti kipo pale chini ya mwembe, na kutoka kiti hadi ile chaki ni mita 3. Unakaa, nikisema "haya" unainuka, unakwenda kwa mwendo wako wa kawaida mpaka kwenye chaki, unageuka, unarudi, unakaa. Bakora ruksa, kandambili hapana. Kijana mmoja atatembea ubavuni bila kukushika. Atakayefika sekunde 12 au kuzidi, jina lake liandikwe kwa mhudumu wa afya wa jamii, na mtoto wake, kama yupo hapa, asogee mbele asikilize. Tuanze na safu ya kina mama.